Bastola ya .22 inapogoma uwanjani: soma ganda kwanza

Tik. Nyundo imeanguka, mlio hakuna. Hapo ndipo wengi wanapoharibu jaribio zima: wanavuta traiga tena haraka, chemba inayofuata (tundu jingine la ile silinda inayozunguka na kubeba risasi) inalia, moyo unatulia, na ushahidi wa kosa unaishia kwenye ndoo pamoja na maganda mengine mia. Jioni wanarudi nyumbani wakisema "hii bastola mbovu" au "hizi risasi mbovu," na hawana namna ya kujua ni ipi kati ya hizo mbili.

Bastola ya silinda inayotumia risasi za rimfaya, yaani zinazowashwa kwenye ukingo wa kitako, ni mashine ya kusema ukweli, ila husema kwa maandishi madogo. Maandishi yenyewe yapo kwenye kitako cha ganda. Risasi hizi hazina fataki katikati ya kitako kama zilivyo zile kubwa. Baruti ya kuwashia hutiwa ndani ya ganda ikiwa mbichi, kisha ganda huzungushwa kwa kasi mpaka baruti itambae na kuingia kwenye ukingo. Pini inapogonga, ukingo unapondwa kati ya pini na mdomo wa chemba, na moto unawaka hapo. Kwa hiyo pini ni nyundo, mdomo wa chemba ni fuawe, na ukingo wa ganda ndicho kinachofuliwa. Smith & Wesson walitoa bastola yao ya kwanza ya .22 mwaka 1857 kwa kanuni hiyo, risasi ya .22 Long Rifle ikaja mwaka 1887, na mpaka leo kanuni haijabadilika. Risasi ikigoma, kosa liko kwenye kimojawapo cha vitu hivyo vitatu, na alama iliyobaki kwenye ukingo itakuambia ni kipi.

Kabla ya risasi ya kwanza

Fungua silinda, hakikisha chemba zote ni tupu, kisha chungulia mtutu kutokea mbele huku silinda ikiwa wazi. Mtutu uwe na mwanga toka mwanzo hadi mwisho. Chukua kalamu ya wino mzito na uandike namba kwenye ubavu wa silinda, namba moja kwa kila chemba. Wino utafutika baadaye kwa kitambaa chenye mafuta. Bila namba hizo utatatua matatizo kwa kubahatisha, na nusu ya niliyoandika hapa chini haitakufaa.

Ukiwa na fila geji, ile ya mafundi wa magari ya kupimia nafasi ya plagi, pima uwazi ulio kati ya uso wa silinda na nyuma ya mtutu. Bastola nyingi zenye afya huwa kati ya milimita 0.10 na 0.20. Andika ulichopata kwenye daftari, utakihitaji.

Usifyatue bastola tupu kwa kujaribu traiga, isipokuwa kitabu chake kimeruhusu waziwazi. Pini isiyokuta ukingo wa ganda huenda ikagonga moja kwa moja mdomo wa chemba, na kila kipigo kinaacha kidonda kwenye fuawe. Kama huna budi, weka maganda yaliyokwisha kutumika na uyageuze kila baada ya kipigo kimoja ili pini ikute sehemu nzima.

Miwani na viziba masikio havina mjadala. La ziada kwa bastola ya silinda ni vidole: visikae ubavuni wala mbele ya silinda, kwa sababu kwenye ule uwazi hutoka moto na chembe za madini ya risasi kila unapopiga.

Anza na aina moja ya risasi. Piga silinda tano zilizojaa kwa kukoki nyundo kwa kidole gumba, halafu silinda tano kwa kuvuta traiga tu nyundo ijikoki yenyewe. Kila risasi ina mstari wake daftarini: namba ya chemba, imelia au imegoma. Inachosha, najua. Lakini ni daftari hilo lililoniokoa nisiuze bastola nzima kwa sababu ya chemba moja.

Nyundo inaanguka, risasi hailii

Kwanza usalama, kwa sababu hapa bastola ya silinda ina mtego wake. Kuna risasi zinazochelewa: moto unatambaa polepole na mlio unakuja baadaye. Mtutu ubaki umeelekea shabaha, kidole kitoke kwenye traiga, uhesabu sekunde 30. Usivute tena. Ukivuta, silinda inazunguka na kuipeleka ile risasi pembeni, mahali ambapo mbele yake hakuna mtutu. Ikilia huko, kichwa cha risasi kitapita penye chuma cha fremu au penye vidole vyako.

Sekunde zikiisha, fungua, toa risasi iliyogoma na uiweke kiganjani sambamba na ganda lililolia. Igeuze kwenye mwanga wa ubavuni. Alama nzuri ni shimo la mstatili au la duara lenye kingo kali, limekaa juu ya ukingo wenyewe, na ukipitisha ukucha unakwama. Alama mbaya huonekana kama mtu aliyegusa rangi mbichi kwa kidole: ipo, lakini haijaingia.

Alama ya iliyogoma ikiwa na kina sawasawa na ya iliyolia, mshukiwa wa kwanza ni risasi. Ile baruti ya ukingoni haikutambaa kote, na pini imeangukia penye pengo. Kuna namna rahisi ya kuhakikisha: irudishe chemba ileile, lakini igeuze ili pini ikute sehemu ambayo haijaguswa. Ikilia, bastola imeachiwa huru. Viwanja vingine haviruhusu kurudia risasi iliyogoma, kwa hiyo muulize msimamizi kabla hujaigusa tena. Kwa maoni yangu, risasi moja iliyogoma kwa namna hii ndani ya sanduku zima si habari. Tatu ndani ya sanduku moja, achana na shehena hiyo.

Alama ikiwa nyepesi, uliza swali moja: zinagoma kwa namna gani ya kupiga? Bastola nyingi, nyundo ikikokiwa kwa kidole hurudi nyuma zaidi kuliko inapojikoki kwa traiga, hivyo hushuka na nguvu kubwa zaidi. Daftari likionyesha kwamba kwa kukoki zote zinalia lakini kwa traiga zinagoma, springi ya nyundo iko ukingoni mwa uwezo wake. Si lazima iwe imechoka. Bastola nyingi za Smith & Wesson zina skrubu ndogo upande wa mbele wa mpini inayokaza springi hiyo, na skrubu hiyo hulegea yenyewe au hulegezwa na mwenye bastola aliyetaka traiga laini. Mara nyingi tiba ni kuikaza mpaka mwisho, basi. Bastola iliyopita mikononi mwa watu wengi yafaa ikaguliwe pia kama springi yake haijakatwa. Kuikata ndiyo njia ya mkato ya kupata traiga laini, na rimfaya haisamehe, maana ukingo wa ganda unataka kipigo kikali.

Springi ikiwa nzima, tazama uchafu. Grisi nzito iliyoganda kwenye njia ya nyundo au kwenye tundu la pini inakula nguvu ya kipigo, hasa siku ya baridi. Safisha, weka tone moja la mafuta mepesi, pima tena. Kisha tazama ncha ya pini: ikiwa imevunjika kona au imeliwa, alama itaonekana ina umbo la ajabu kwenye kila ganda, hata yale yaliyolia.

Alama iliyokaa vibaya, yaani imeingia ndani kuelekea katikati ya kitako au imeponyoka nusu nje ya ukingo, inasema kwamba pini na silinda hazikutani panapotakiwa. Hiyo ni kazi ya fundi wa silaha.

Halafu kuna ile inayowachanganya watu: risasi inagoma mara ya kwanza, ukiirudia palepale inalia. Wanasema risasi mbovu. Sivyo. Mara nyingi risasi hiyo haikuwa imekaa vizuri chembani. Kipigo cha kwanza kimetumika kuisukuma mbele mpaka ikakaa, cha pili ndicho kilichoponda ukingo. Sababu ya kawaida ni pete ya masizi na nta mbele ya chemba. Ukipakia, sukuma kila risasi kwa kidole gumba mpaka usikie imegota. Inayobaki imeinuka hata kwa unene wa karatasi ni ya kugoma. Silinda inayocheza mbele na nyuma kupita kiasi nayo huleta dalili hiyohiyo, kwa kuwa kipigo kinaisukuma silinda badala ya kuponda ganda. Bastola ikiwa tupu, ishike silinda iliyofungwa na uisukume mbele, uirudishe nyuma. Kuchezacheza kidogo ni kawaida. Ukisikia inagonga, mpelekee fundi.

Sasa ile chemba yangu. Nilikuwa nimejaribu aina tatu za risasi, na kila aina nikailaumu kwa zamu. Nilipoandika namba kwenye silinda na kupiga risasi 60, ziligoma 7, na 6 kati ya hizo zilitoka chemba namba 2. Risasi haijui imewekwa chemba ya ngapi. Nikatazama mdomo wa chemba hiyo kwa kioo cha kukuza: juu kabisa, penye namba 12 ya uso wa saa, palikuwa na kibonyeo chenye mdomo ulioinuka, kidogo kuliko punje ya chumvi. Mtu fulani aliyeimiliki kabla yangu alikuwa amezoea kufyatua bastola tupu. Penye kibonyeo hapakuwa na fuawe tena. Pini ilikuwa inausukuma ukingo wa ganda shimoni badala ya kuuponda. Fundi ana kifaa laini kama kijiti cha chuma kinachoingizwa chembani ili kurudisha chuma mahali pake. Kazi yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko nilioupoteza kubadilisha risasi.

Silinda inakuwa nzito baada ya raundi kadhaa

Risasi za .22 ni chafu. Hiyo si lawama, ndivyo zilivyo: vichwa vya risasi vimepakwa nta au mafuta kwa nje, na baruti isiyoungua hubaki kwenye ganda. Unapoyatoa maganda mtutu ukiwa umelala, punje hizo huanguka chini ya ile nyota inayosukuma maganda. Nyota haikai tena sawasawa, silinda inasukumwa mbele au nyuma kidogo, na traiga inakuwa kama inavuta mzigo. Dawa ni tabia: elekeza mtutu juu kwa namna uwanja unavyoruhusu, piga fimbo ya kutolea maganda kwa kiganja mara moja kwa nguvu, ili maganda na punje zake vianguke pamoja. Kisha pitisha mswaki mkavu chini ya nyota kila baada ya silinda chache.

Kama mswaki haukusaidia, tafuta kama tatizo liko mbele au nyuma ya silinda. Koki nyundo polepole, mtutu kwenye shabaha, silinda ikiwa tupu, uishushe taratibu bila kuiachia. Rudia kwa maganda yaliyotumika. Ikiwa nzito kwa maganda tu, vitako vinasugua bamba la nyuma. Pengine ukingo wa risasi za aina hiyo ni mnene, au uchafu unazuia maganda kukaa. Ikiwa nzito hata tupu, tazama mbele: uso wa silinda umejaa masizi na madini ya risasi yaliyoyeyuka, au uwazi ule uliopima asubuhi ni mwembamba mno na unazibwa chuma kinapopata joto. Hapo ndipo namba uliyoandika daftarini inapopata kazi.

Silinda ikikataa kabisa kufunguka, kwenye aina nyingi fimbo ya kutolea maganda imejifungua uzi na kurefuka. Usitumie nguvu. Bastola ibaki imeelekea shabaha, mwite msimamizi, kwa sababu ndani bado kuna risasi nzima.

Maganda hayataki kutoka

Ulianza vizuri, lakini kwenye silinda ya nane unalazimika kupiga fimbo kwa nguvu. Chemba zimejaa masizi. Brashi ya shaba ya kaliba ya .22, misukumo mitano kila chemba, utaona tofauti. Ukiwa umepiga .22 Short, ile yenye ganda fupi, kwenye bastola ya Long Rifle, masizi hujenga pete pale ganda fupi linapoishia, na Long Rifle inayofuata inaingia kwa kubanwa na kutoka kwa kugoma.

Chemba zikiwa safi na bado maganda yanabana kwa risasi za kasi kubwa lakini yanateleza kwa zile za kasi ya kawaida, bastola imekwisha kukuchagulia. Mtutu mfupi haufaidi sana hiyo kasi ya ziada. Chemba moja tu ikibana kila mara, ukuta wake una mikwaruzo; fundi ataung'arisha. Fimbo usiigonge kwa kitu kigumu, itapinda, na bastola yenye fimbo iliyopinda ina matatizo mapya matatu.

Ganda likitoka limevimba kama tumbo, au lina ufa wa wima, simama. Bastola kama Ruger Single-Six huuzwa na silinda mbili, moja ya .22 Long Rifle na nyingine ya .22 WMR (Winchester Magnum Rimfire). Ganda la WMR lina upana wa milimita 6.1 hivi, la Long Rifle 5.7. Long Rifle itaingia kwenye silinda ya WMR bila kulalamika, na italia, ila ganda halina ukuta wa kuegemea, hivyo linapasuka na gesi inarudi nyuma. Nyingi ya "chemba mbovu" za aina hii ni silinda isiyo yake.

Chembe zinamrukia jirani

Mtu wa pembeni akishika shavu na kusema kitu kimemchoma, usimcheke. Cheche kidogo ni kawaida; vipande vya madini ya risasi si kawaida. Simamisha kadibodi safi pembeni ya silinda, umbali wa mkono, upige silinda moja. Vumbi jeusi ni moto na masizi tu. Vitundu au vijipande vinavyong'aa vilivyonata vinaonyesha kwamba chemba haikai sawa na mtutu, na kichwa cha risasi kinanyolewa kinapoingia. Hakikisha bastola ni tupu, koki polepole sana chemba baada ya chemba: silinda inapaswa kujifunga kabla nyundo haijafika mwisho wa safari yake. Chemba inayochelewa kujifunga ndiyo inayotema. Ukiijua namba yake, acha kupiga na umpelekee fundi na namba hiyo. Kabla hujaenda, safisha mdomo wa nyuma wa mtutu. Madini ya risasi yaliyoganda hapo yaweza kuleta dalili ileile bila ubovu wowote.

Mlio mdogo kuliko kawaida

Hapa sina maneno mengi. Ukisikia "paf" badala ya "pa", na kwenye karatasi hapana tundu jipya, acha. Usivute tena hata kama silinda inazunguka. Kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimekwama mtutuni, na risasi inayofuata itakigonga kutoka nyuma. Subiri sekunde 30, pakua zote, pitisha fimbo ya kusafishia mtutu. Wakati mwingine kichwa hukwama nusu mtutuni nusu chembani, silinda haizunguki wala haifunguki. Hilo halitatuliwi mezani pa uwanja wa shabaha.

Zinalia zote, lakini zinatawanyika

Weka mikono juu ya mfuko wa mchanga. Bandika karatasi nyingi kadiri ya chemba zako, kila chemba na karatasi yake, risasi tano kila moja. Karatasi moja ikitawanyika na nyingine zikikusanya, umepata chemba yenye tatizo. Zote zikikusanya mahali pamoja ila pembeni, rekebisha kilengeo. Zote zikitawanyika, badilisha risasi kabla hujalaumu mtutu; .22 ina kichaa cha kupenda aina moja na kukataa nyingine, na hakuna kanuni ninayoijua ya kutabiri zaidi ya kujaribu. Matundu yakiwa marefu kama ya ufunguo, vichwa vya risasi vinafika ubavu: mtutu umejaa madini ya risasi yaliyoganda, au umeweka silinda isiyo yake.

Halafu kuna mkono wako. Mwombe rafiki akupakie, achanganye risasi nzima na maganda yaliyotumika bila wewe kuona. Nyundo ikiangukia ganda tupu, tazama mtutu. Ukiinama au kuruka, umejiona. Kila "tik" katika zoezi hili uihesabie kama risasi iliyogoma: sekunde 30, kisha ufungue. Bastola yangu iliyopiga chini kushoto kwa miezi ilipona siku hiyohiyo, bila kuguswa na bisibisi.

Ukimaliza, osha mikono kwa sabuni kabla ya kushika chochote cha kutia mdomoni, maana vumbi la madini ya risasi lina sumu. Zile zilizogoma usizitie mfukoni wala kwenye pipa la taka. Piga picha ya alama zake, andika namba ya chemba, kisha mkabidhi msimamizi aziweke kwenye sanduku lake.